Mwaka Ambao Shingo Zote Zilikuwa Nzima

Dokta Sylvain alizikwa mwezi uliopita, na mimi nilikwenda kwenye kilio chake, kwa sababu mtu aliyekupa kazi yako ya kwanza humwachi azikwe bila uso wako kuonekana. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka ukuta wa nyumba yake, pale Manika, mjini Kolwezi, hadi kwenye mti wa umeme. Viti vya plastiki vilikuwa vya kukodi, chai ya maziwa ilikuwa kwenye ndoo yenye kifuniko, na picha yake kubwa ilikuwa imesimamishwa juu ya meza, amevaa koti jeupe ambalo zamani nilikuwa nikilifua mimi. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa mgodini alisimama kwa shida, akaegemea fimbo yake, akasema, "Bandugu, niko na neno moya tu. Huyu munganga hakufukuzishaka mutu kazi. Ata moya! Tulikuwa tunalala ku kitanda yake, tunaamuka, tunaenda kazi. Batoto yetu balikula juu yake." Watu wakaitikia, "Kabisa! Kabisa!" Nilikuwa na tonge la mkate mdomoni. Nililizungusha upande huu na upande ule, likakataa kushuka, nikatoka hadi kwenye mfereji na kulitema. Niliporudi, Mama Ngalula, mjane wa mzee aliyetuhifadhi zamani, Tata Mukendi, ambaye sasa haoni vizuri na magoti yake yameharibika, alinishika mkono wa nguo. "Alikuwa mutu muzuri, Zaina," akaniambia. "Shi weye ulimujua kuliko bote." Ni kweli. Nilimjua kuliko wote waliokaa chini ya turubai lile, na ndiyo maana mkate haukushuka.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Wazazi wetu walikuwa wameshatangulia, shule nilikuwa nimeiacha katika mwaka wa pili wa sekondari, na wadogo zangu wawili, Ramazani na Amina, walikuwa wakiniita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sauti ileile ambayo watoto wengine huwaitia mama zao. Hayo yanatosha. Tulikaa katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Tata Mukendi, Mkasai mmoja mfupi, mpole, mwenye mashavu makubwa, aliyeendesha lori la kubeba mawe ya shaba katika shimo moja upande wa Mashamba. Nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya kazi. Alipewa na kampuni ndogo iliyokodiwa na mgodi kwa ajili ya kubeba mawe. Chumba cha nyuma kilikuwa stoo ya makaa. Alikisafisha mwenyewe, akapaka chokaa, akatuita. Hakutudai kitu. Lakini sote tulijua, bila mtu kusema, kwamba siku kazi yake itakapokwisha wao watatokea mlango wa mbele na sisi tutatokea wa nyuma.

Kazi yangu kwa Dokta Sylvain ilianza kwa deki. Kliniki yake ilikuwa nyumba ya kawaida. Sebule ndiyo ilikuwa chumba cha ekografi, ile mashine ya kuonea ndani ya mwili, na pazia la rangi ya kahawia liliigawa mara mbili, huku kitanda na mashine, kule benchi la kungojea. Mwaka huo mgodi ulikuwa umetoa amri mpya. Dereva mmoja alikuwa amepatwa na kiharusi akiwa kwenye usukani, lori likashuka mteremko peke yake, na tangu hapo kila dereva aliyepita miaka arobaini alitakiwa apimwe mishipa ya shingo mara moja kwa mwaka. Basi la kampuni liliwaleta Jumanne na Alhamisi, kumi au kumi na wawili kwa mpigo, na vumbi la shimo bado limekaa kwenye mikunjo ya shingo zao. Jeli ya kupakia, ile inayokuja katika chupa, ilichelewa kila mara kutoka Lubumbashi, kwa hiyo dokta alinifundisha kuipika: unga wa muhogo, maji na chumvi kidogo, unakoroga juu ya moto mdogo mpaka iwe nzito na iangaze. Siku ya kwanza ilikuwa safi na ilifanya kazi vizuri kabisa; mashine haikujua tofauti. Siku ya pili, katika joto la chumba kile, ilianza kuchacha. Siku ya tatu ilivutika kama makamasi na kunuka kama beseni la mihogo iliyosahaulika, na dokta alikuwa akisema, "Iko muzuri, Zaina, shingo haikulaka." Nilikuwa nikiwapangusa kwa vipande vya shuka kuukuu, kitambaa kimoja shingo nne au tano. Madereva walicheka. "Zaina, leo tena umetuwekea bukari ku shingo. Samaki iko wapi?" Nami nilicheka pamoja nao, kisha nyumbani nilipokorogea wadogo zangu bukari, ugali wetu wa muhogo, harufu ile ilipanda kutoka kwenye mwiko, nikawaachia sufuria yote wale wao.

Nataka niseme jambo moja kwa haki, maana bila hilo hamtaelewa kinyaa changu: Dokta Sylvain alikuwa anajua kazi yake. Kama angekuwa mjinga ningemsamehe zamani. Miezi miwili ya kwanza alipima kila mtu polepole, na kwa kuwa aliniona nikichungulia, alinivuta karibu na kioo cha mashine. "Angalia muzuri. Hii ni ukuta ya mushipa, iko na mistari mbili, unaona? Ikiwa safi, iko sawa na barabara mupya. Sasa hii ya huyu tata." Akasogeza kifaa kidogo kwenye shingo ya mtu aliyekuwa amelala amefumba macho. "Hapa kumejengeka ukoko. Sawa ukoko ya chini ya sufuria." Aliniambia kwamba watu huogopa njia ya damu kuwa nyembamba, na ni vizuri waogope, lakini yeye aliogopa zaidi ukoko uliochanika. Njia inaweza kuwa pana, akasema, na mtu ajisikie mzima, kumbe kipande kimoja kikibanduka pale kinapanda moja kwa moja kichwani. Mgodi ulikuwa umeleta karatasi maalumu ya kujaza, na naikumbuka mistari yake yote kama wengine wanavyokumbuka sala. Upande wa kulia, upande wa kushoto. Unene wa ukuta. Ukoko upo au haupo. Ni mgumu au ni laini. Uso wake ni mzima au umechanika. Njia ya damu imebaki kiasi gani. Na chini kabisa, hatari: ndogo, ya kati, kubwa. "Juu ya nini maulizo mengi hivi?" nilimwuliza. Akajibu, "Juu munganga wa Kolwezi na munganga wa Dilolo na ule wa Ulaya bakiangalia shingo moya, baandike kitu kimoya. Hii karatasi haipendi mutu, haichukii mutu." Niliipenda karatasi ile. Mimi niliyeacha shule niliona kwamba hapa kuna watu walikaa chini wakafikiri kwa makini ili uvivu wa mtu mmoja usimuue mwingine.

Mtu wa kwanza kuandikiwa hatari kubwa alikuwa dereva mwembamba kutoka Kisenge. Dokta alijaza mistari yote, akaongeza kwa mkono wake mwenyewe kwamba mgonjwa atibiwe na asiendeshe mpaka apimwe tena. Nilidhani watamtibu. Siku ya pili kampuni ilimnyang'anya kadi yake ya kuingilia mgodini, na siku ya tatu mke wake alikuja kliniki na mtoto mgongoni, akasimama kwenye benchi la kungojea mbele ya madereva kumi na mmoja, akafungua kanga na kuonyesha ziwa lake. "Dokta! Njoo uangalie na hapa pia! Andika kama haina maziwa, tupeleke nayo ku bureau ya kampuni!" Madereva walitazama chini. Tangu asubuhi hiyo hakuna aliyemsalimu dokta sokoni, na mvulana wa jirani alimtupia jiwe juu ya bati. Wiki mbili alivumilia. Kisha Alhamisi moja akaniita kwenye kompyuta, kwa kuwa kwa wakati huo nilikuwa nimeshajifunza kupiga chapa, akanionyesha herufi tatu: RAS. Ni Kifaransa, maana yake hakuna cha kutaja. "Kila mustari unaweka hii," akasema. "Chini unaweka hatari ndogo." Nikamwuliza, "Ya leo?" Akasema, "Ya leo, na ya siku zote."

Mwanzoni alifanya kwa huruma, na hilo pia naliandika kwa haki. Lakini huruma nayo huchacha, kama jeli ile. Samaki wa kukaushwa wa Nzilo wakaanza kuletwa jikoni na madereva, magunia ya makaa, mara moja mbuzi mzima aliyefungwa miguu na kulia benchini kama mgonjwa. Kwa kuwa majibu yalijulikana, hapakuwa na haja ya kuyangoja: kampuni ilileta orodha ya majina Jumatatu, nami Jumatatu mchana nilipiga chapa karatasi zote za Jumanne, RAS, RAS, RAS, na chini kulia nikaweka herufi za jina langu, Z.S., kama ilivyotakiwa kwa mwandishi. Watu walikuja kupimwa huku majibu yao yamekwisha kukauka ndani ya faili. Siku moja umeme ulikatika na jenereta ikakataa kuwaka. Nilidhani atawarudisha. Hakuwarudisha. Aliwalaza mmoja mmoja, akawapaka jeli yangu ya siku ya tatu, akapitisha kifaa kulia na kushoto mbele ya kioo cheusi. Ndani ya kioo kile niliona uso wangu mwenyewe, na kitambaa mkononi. Aliwaambia hata, "Usimeze mate, tata," kama anavyosema daktari anayetazama kitu kweli, nao wanaume wale wakubwa, wenye kuendesha malori yenye magurudumu marefu kuliko wao, walijizuia kumeza mate. Waliona kabisa kwamba taa hazikuwaka. Waliamka na kusema asante. Baada ya pale sikujua ninamchukia nani zaidi, yeye, wao, au mkono wangu uliokuwa ukiendelea kupangusa.

Jumapili tulikula kwa Tata Mukendi. Alikuwa na adabu moja ambayo sijaiona tena kwa mtu: alinunua kuku akiwa hai na kumleta kwa Ramazani amchinje kwa dini yetu, kisha akasema kwa sauti, ili Mama Ngalula asikie, kwamba kuku wa Waislamu ana ladha zaidi. Jumapili ninayoisema kulikuwa na kuku, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyopikwa na dada mdogo wa Tata, Mama Kapinga, mwanamke mrefu mwenye kucheka kwa nguvu, aliyekuja kutoka Dilolo kufanya biashara ya chumvi na kulala kwao siku chache. Yeye na wifi yake Ngalula hawakupatana. "Sombe yako iko na mafuta mingi," Mama Ngalula alimwambia. "Ya kwako iko na mayi mingi," Kapinga akajibu, "njo maana ndugu yangu anakonda." Sote tulicheka, maana Tata Mukendi hakuwa amekonda hata kidogo. Akakata tonge, akalichovya, na mkono ukafunguka wenyewe. Tonge lilianguka ndani ya sombe, na mkono ukafuata, ukalala humo kama mkono wa mtu mwingine. Alitaka kusema kitu, midomo ikatoa sauti isiyo na maneno. Ilichukua muda wa kama kuchemsha chai. Kisha uso ukarudi, akautoa mkono, akaulamba, akacheka. "Mukono ililala," alisema. "Iko muzee kunishinda." Amina alicheka, na Kapinga alimpangusa kaka yake kwa kitambaa. Mimi peke yangu sikucheka, maana nilikuwa nimefundishwa maana ya mkono kama ule. Ulikuwa mkono wa kulia, na kichwa huongoza mwili kwa kupishana, kwa hiyo ukoko ulikuwa upande wa kushoto wa shingo. Na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya Jumanne.

Jumatatu nilipiga chapa karatasi zote kumi na mbili, na yake ikiwemo. Nilijiambia kwamba kesho nitaibadilisha. Jumanne umeme ulikuwepo. Tata Mukendi alipolala kitandani nilimnong'oneza dokta, "Huyu mukono yake ilianguka juzi. Tafazali, umuangalie kweli." Dokta alinitazama kama mtu aliyeamshwa, kisha akapima, polepole kama zamani. Kulia, mistari miwili safi. Kushoto, chini kidogo ya taya, tuliona sote wawili. Njia ya damu ilikuwa bado pana. Mtu wa haraka angesema hakuna shida. Lakini ukoko ulikuwa mnene, na uso wake ulikuwa umechanika, una shimo kama shimo la barabarani, na pembeni ya shimo kipande chembamba kilikuwa kikicheza, kinanyanyuka na kulala, kinanyanyuka na kulala, kwa kila pigo la moyo wa Tata Mukendi. Dokta aliweka kifaa chini. "Raporo yako ilishaandikwa, Tata," akasema bila kumtazama. "Ununue aspirine. Upunguze munyo ku chakula." Kisha akatoka nje kuvuta sigara.

Tata Mukendi hakuwa mjinga. Alinikuta kwenye kompyuta, jeli bado inang'aa chini ya sikio lake, akafunga mlango. "Umeona kitu, mwana yangu?" Nikamwambia nilichoona. Nilimwambia yote, hata kipande kile kinachocheza. Alisikiliza huku ameweka kiganja chake shingoni, kana kwamba angeweza kukishika kisitoke. "Na ukiandika hii, mi niko mu nyumba mupaka lini?" Sote wawili tulikuwa tunakumbuka yule wa Kisenge. "Na weye na batoto?" Kisha akasema, "Niandikie ile unaandikiaka bote." Karatasi ya kweli ilikuwa mbele yangu, tupu, na ile ya uongo ilikuwa ndani ya faili, na mimi nilichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu. Sikufanya kitu. Nilimpa kitambaa, akajipangusa mwenyewe. Akaniomba nisimwambie mkewe. Basi lilipiga honi, akaenda.

Wiki tano baadaye alianguka asubuhi kwenye foleni ya basi, na namshukuru Mungu mpaka leo kwamba hakuwa kwenye usukani, ingawa shukrani hiyo nayo inanichefua, kwa kuwa karatasi yangu ndiyo iliyomruhusu akae kwenye usukani siku zote zile. Upande wa kulia ulikufa wote na maneno yakaondoka yote. Kampuni ilimtuma mtu mmoja mwenye viatu safi, akaja na nakala ya karatasi. "Wiki tano zilizopita alikuwa muzima kabisa, mama," alimwambia Mama Ngalula. "Hapa imeandikwa. Hii ugonjwa haikutoka ku kazi." Hawakulipia matibabu, na wakatoa miezi miwili ya kuhama nyumba. Kwa hiyo ule uongo uliotungwa ili kuokoa nyumba ndio uliokuja kuichukua. Lakini kilichonivunja kilikuja jioni ya Jumamosi, familia ilipokutana. Nilikuwa nikigawa maji. Kaka mkubwa wa Tata Mukendi aliinua karatasi ileile juu, herufi zangu Z.S. zikageukia taa, akauliza, "Munganga na mashini yake banasema shingo iko muzima, damu iko muzima, yote RAS. Basi ni nini ilimuangusha? Ni bantu balimuloga!" Mama Ngalula akasema polepole, "Mukono yake ilianguka mu sombe ya Kapinga." Walimwuliza mgonjwa kama ni Kapinga. Tata Mukendi, ambaye siku zile aliitikia kwa kichwa kila alichoulizwa, kama ana kiu, kama hana kiu, kama ni usiku, kama ni mchana, aliitikia kwa kichwa. Kapinga alipiga kelele moja tu, "Yaya!", kama mtoto anayemwita mkubwa wake. Walitupa mabegi yake ya chumvi barabarani, chumvi ikamwagika kwenye vumbi jekundu, na watoto wa mtaa wakaimba mulozi, mulozi, yaani mchawi, mpaka alipopanda lori la Dilolo. Ramazani alinitazama. Alikuwa na miaka kumi na nne na alikula sombe ile mpaka akalamba sahani. Mimi nilikuwa nimeshika jagi la maji. Tulikuwa bado na miezi miwili ya chumba, na kaka mkubwa alikuwa amesema kwamba atatuacha tukae hata baada ya hapo, katika kiwanja chake, kwa kuwa tumemhudumia vizuri mgonjwa. Nikaendelea kugawa maji.

Jumatatu iliyofuata nilipewa orodha ya majina kumi na moja. Niliyapiga chapa majina, moja kwa karatasi, na chini ya majina sikuandika kitu. Dokta alizifungua, akageuza ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Umesahau." "Sikusahau, Dokta. Ukiona kitu, utaniambia, nitaandika." Aliniita mtoto asiye na shukrani. Akaniambia pia kwamba kwa ajili ya Tata Mukendi kuna karatasi nyingine ya kutengeneza, yenye tarehe ya zamani, ikisema ukoko ulionekana na mgonjwa akashauriwa, ili siku ikija maswali yeye awe salama. Jeli ya siku ya tatu ilikuwa juu ya meza. Nilibeba bakuli lile mpaka chooni nikalimwaga, nikaliosha, nikaliweka mezani limegeuzwa, nikaondoka. Wako watakaosikia kisa hiki na kunisifu kwa karatasi zile tupu. Wasinisifu. Kumwachia dokta karatasi tupu kulinigharimu kazi tu, na baada ya mwezi nilikuwa nikiuza maandazi na chai mbele ya geti la mgodi na wadogo zangu wakisoma. Karatasi moja iliyojazwa, mbele ya ile familia, ingenigharimu chumba, na hiyo sikuiandika. Tata Mukendi aliishi miaka minne akiitikia kila kitu kwa kichwa. Mara nyingi nilikaa karibu na kitanda chake, nikimlisha, nikitaka kumwuliza kama anakumbuka mlango ule uliofungwa. Sikumwuliza, maana nilijua angeitikia.

Basi ndivyo nilivyokaa chini ya turubai la Dokta Sylvain mwezi uliopita, ladha ya mkate uliotemwa bado mdomoni, na Mama Ngalula amenishika nguo. Waimbaji walianza wimbo, na kwa kuwa wimbo ulikuwa mkubwa, nikainama sikioni mwake. "Mama, raporo ya Tata, mi njo niliandika. Niliandika siku ya mbele, ata hajafika. Tulipomupima, tuliona. Ilikuwa ni shingo." Hakugeuka. "Sombe ilikuwa ya Kapinga," alisema. "Sombe haikuwa na kitu, Mama. Bote tulikula." "Karatasi ilisema..." "Karatasi ni mi." Aliuachia mkono wangu wa nguo. "Juu ya nini ulinyamaza?" Nilikuwa na majibu mengi niliyoyaandaa kwa miaka, kwamba Tata mwenyewe aliniomba, kwamba nilikuwa mdogo. "Juu ya chumba," nikasema. Alitafuta kikombe chake kwa vidole, akanywa chai mpaka mwisho. "Mi nilimuita mulozi mbele ya kanisa nzima. Mi muzee sasa nitafanya nini, niende Dilolo na hii magoti? Nyamaza, Zaina. Batu balishazoea." Halafu akauliza kama kuna mkate umebaki. Nilimletea. Aliula. Nilimtazama akitafuna, na kinyaa kilichonijia hakikuwa chake peke yake, kwa kuwa niliona kwamba mwanamke yule alikuwa akifanya nilichofanya mimi na jagi la maji.

Kwa hiyo sikunyamaza. Nilinunua daftari jipya, nikachora ile karatasi ya zamani kwa rula, mistari yote, jinsi ninavyoikumbuka. Jina: Mukendi. Upande wa kulia: safi. Upande wa kushoto: ukoko upo, mnene. Uso: umechanika, una shimo, kuna kipande kinachocheza. Njia ya damu: bado pana. Hatari: kubwa. Chini ya hapo nikaongeza mistari ambayo mgodi haukuiweka: aliyeona, Zaina Salumu, aliyeandika uongo, Zaina Salumu, aliyejua kwamba Mama Kapinga hana kosa na akagawa maji, Zaina Salumu. Niliandika jina zima kila mara. Ramazani siku hizi ana lori lake na huenda Dilolo kila baada ya wiki mbili. Ameniambia mara nyingi kwamba humwona Mama Kapinga pale sokoni, amezeeka, anauza chumvi peke yake kwenye meza ya mwisho, na watu kutoka Kolwezi hawanunui kwake. Alikuwa anakaza kamba za mzigo nilipompa bahasha yenye karatasi hiyo. Aliisoma amesimama, mara mbili, na hakuniuliza kwa nini. Aliuliza tu, "Yaya, nimupatie ku mukono?"

"Hapana. Hajui kusoma. Na balimutukana mbele ya batu. Uite jirani bake, na bale ba soko, bakae, njo usome."

"Yote?"

"Toka juu mupaka chini."

Aliikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaupiga mfuko kwa kiganja. Akapanda, akafunga mlango, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Na pale chini, kwenye jina yako?"

"Pale njo uongeze sauti."